Physiognomonica: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Andiko la Kigiriki la Kusoma Tabia kwa Sura

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayekutana na andiko hili kwa mara ya kwanza, pamoja na yule aliyesikia habari zake kwa mbali na angependa kujua limesema nini hasa. Nambari kama 805a na 812b zinazotajwa humu ni za chapa ya Immanuel Bekker iliyotolewa Berlin mwaka 1831. Nambari hizo huwekwa pembezoni katika chapa na tafsiri nyingi za maandiko ya Aristotle, kwa hiyo zinamwezesha mtu kufika moja kwa moja mahali panapozungumziwa.

Physiognomonica ni andiko gani?

Ni andiko fupi la Kigiriki, la kurasa kumi tu katika chapa ya Bekker (805a hadi 814b), linaloeleza namna ya kutambua tabia ya mtu kwa kuutazama mwili wake: macho, pua, nywele, rangi, sauti, mwendo, hata urefu wa sehemu iliyo kati ya kitovu na kifua. Miongoni mwa maandiko yaliyotungwa mahususi kuhusu fani hii, hilo ndilo kongwe zaidi lililotufikia, nalo limehifadhiwa ndani ya mkusanyo wa vitabu vya Aristotle. Katika ukurasa huu fani yenyewe itaitwa usomaji wa sura, ingawa neno "sura" hapa lichukuliwe kwa upana wake, kwani mwandishi haishii usoni bali anamkagua mtu hadi vifundo vya miguu.

Je, ni kweli kwamba Aristotle ndiye aliyeliandika?

Wataalamu wengi wa leo wanasema hapana. Aristotle alifariki mwaka 322 KK, na andiko hili huchukuliwa kuwa kazi ya mtu, au watu, wa shule aliyoiacha, walioandika karibu na mwaka 300 KK. Watu wa kale hawakuwa na shaka hiyo. Diogenes Laertius, mwandishi wa kale wa habari za wanafalsafa, katika orodha yake ya vitabu vya Aristotle, anataja kitabu kimoja cha usomaji wa sura, na kwa karne nyingi baadaye jina la mwanafalsafa huyo lilitosha kulipa andiko heshima ambayo pengine lisingeipata kwa hoja zake lenyewe.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba Aristotle mwenyewe hakuwa na neno juu ya jambo hili. Mwishoni mwa kitabu chake cha mantiki kiitwacho Analytica Priora (70b) anasema kwamba inawezekana kukisia tabia kutokana na umbo, lakini anatanguliza sharti: ni lazima kwanza ikubaliwe kwamba mwili na nafsi hubadilika pamoja katika yale yanayotokana na maumbile. Mfano wake ni simba, ambaye ushujaa wake unaandamana na ukubwa wa viungo vya mwisho wa mwili. Anaongeza kwamba mtu aliyejifunza muziki amebadilika kwa namna fulani katika nafsi yake, lakini badiliko hilo si la kimaumbile na kwa hiyo halionekani mwilini. Katika kitabu chake cha habari za wanyama (491b) anasema pia kwamba wenye paji kubwa la uso huwa wazito na wenye paji dogo huwa wepesi wa kubadilika. Waandishi wa Physiognomonica, kwa hiyo, walipita katika mlango ambao mwalimu wao alikuwa ameuacha wazi kidogo.

Mbona mnasema "waandishi"? Ni andiko moja au mawili?

Kwa jinsi lilivyo, ni mawili yaliyoshonwa pamoja. Sehemu ya kwanza inaishia 808b10, na ya pili inaanza upya kabisa, kana kwamba hakuna lililokwisha kusemwa, kwa kueleza tena jinsi nafsi na mwili vinavyoathiriana. Sehemu ya kwanza inajishughulisha zaidi na njia ya kufikiri, ilhali ya pili inajengwa juu ya tofauti kati ya dume na jike na kumaliza kila ishara kwa kumrejesha mtu kwa mnyama fulani. Kuna mahali ambapo hazikai vizuri pamoja: katika sehemu ya kwanza nywele ngumu ni dalili ya ushujaa, lakini katika ya pili (812b) nywele zilizosimama ni dalili ya woga, kwa sababu mtu aliyeshikwa na hofu nywele humsimama.

Hoja ya msingi ya andiko ni ipi?

Sentensi ya kwanza kabisa inasema kwamba hali za nafsi hufuatana na miili, wala hazijitegemei kiasi cha kutoguswa na yanayoupata mwili. Ushahidi unaotolewa ni wa kawaida na ni mgumu kuukataa: mlevi na mgonjwa hubadilika akili kwa sababu miili yao imebadilika, na kwa upande wa pili, mapenzi, hofu, huzuni na furaha huugeuza mwili. Kisha mwandishi anapiga hatua kubwa zaidi. Anadai kwamba hajapata kuwapo mnyama mwenye umbo la aina moja na tabia ya aina nyingine, na kwamba wajuzi wa farasi huwatambua farasi kwa umbo lao kama wawindaji wanavyowatambua mbwa, basi vivyo hivyo lazima iwezekane kwa binadamu.

Hapo ndipo msomaji anapopaswa kusimama kidogo. Yeyote aliyewahi kufika mnadani amemwona mnunuzi wa ng'ombe akikishika kichwa cha mnyama, akimfunua mdomo na kumtazama meno, akipapasa nundu na mbavu, kisha akarudi nyuma hatua mbili ili amwone anavyokanyaga. Mtu huyo anajua anachokitafuta, na mara nyingi hakosei, lakini anachokitafuta ni umri, afya na uzito. Hasemi kwa kuangalia pembe kwamba ng'ombe huyu ni mwaminifu au kwamba yule ana kijicho. Mwandishi wa Kigiriki amechukua ujuzi halisi wa watu wa mifugo na kuutumia kama dhamana ya ujuzi wa aina nyingine kabisa.

Njia tatu zinazotajwa mwanzoni ni zipi, na mwandishi anazionaje?

Mwandishi anaeleza (805a) kwamba waliomtangulia walitumia njia tatu. Wa kwanza walimlinganisha mtu na mnyama: anayefanana na mnyama fulani kwa umbo atafanana naye kwa tabia. Wa pili walifanya hivyo kwa mataifa, wakiwatenga Wamisri, Wathrakia na Waskithia kwa maumbo na desturi zao, na kumhukumu mtu kwa taifa analofanana nalo. Wa tatu walitazama mabadiliko ya uso: kwa kuwa mwenye hasira hukunja uso kwa namna fulani, basi mwenye uso uliokaa hivyo daima ni mtu wa hasira.

Kurasa zinazofuata ndizo bora kuliko zote katika andiko hili, na kwa maoni yangu ndizo zinazolistahilisha kusomwa hadi leo. Kuhusu njia ya uso, mwandishi anasema kwamba watu wa tabia tofauti wanaweza kuwa na uso wa namna moja, na kwamba mtu yule yule habaki na uso mmoja. Mwenye huzuni hupata siku moja ya furaha akavaa uso wa mchangamfu, na mchangamfu naye hupatwa na msiba. Kuhusu njia ya wanyama, anasema kwanza kwamba hakuna mtu anayefanana na mnyama hasa, bali hukaribiana naye kidogo tu. Pili, ishara nyingi ni za wanyama wengi kwa pamoja, na chache mno ni za mnyama mmoja peke yake, kwa hiyo anayesema "huyu anafanana na simba katika jambo hili" huenda amemfananisha na wanyama wengine kumi bila kujua. Tatu, hata ukipata ishara ya simba peke yake, simba ana tabia zaidi ya moja, na ishara haisemi inatokana na tabia ipi.

Dawa anayoipendekeza ni ya mtu anayejua mantiki. Ukitaka ishara ya ushujaa, usimtazame simba pekee. Wakusanye wanyama wote mashujaa, utafute kilicho kwao wote na kisichokuwa kwa mnyama yeyote mwoga, kisha uhakikishe kwamba wanyama hao hawashirikiani katika tabia nyingine isipokuwa ushujaa. Anaonya vilevile kwamba kutegemea ishara moja ni upumbavu, na kwamba imani iongezeke pale ishara nyingi zinapokubaliana.

Ukali wa uhakiki huo, hata hivyo, unaiangukia njia ya kwanza na ya tatu. Njia ya mataifa inapita bila kuguswa, na matokeo yake yanaonekana mbele.

Kuna mambo ambayo mwandishi anakiri hayawezi kusomwa mwilini?

Yapo, na anayasema waziwazi (806a). Maarifa na maoni hayaachi alama. Huwezi kumtambua tabibu wala mpiga kinubi kwa kumwangalia, kwa sababu kujifunza elimu fulani hakugeuzi ishara yoyote ya mwilini. Anataja pia uwezekano wa kumjua mtu bila ishara ya moja kwa moja: ikiwa imethibitika kwamba mwenye hasira za karibu, mnung'unikaji na mwenye roho ndogo lazima awe na wivu, basi msomaji wa sura anaweza kumgundua mwenye wivu hata kama wivu wenyewe hauna dalili (807a). Anauita mwendo huo wa kifalsafa.

Ishara hutafutwa sehemu gani za mwili?

Vyanzo vinavyotajwa ni miendo, mikao ya mwili, rangi, mwonekano wa uso, nywele, ulaini wa ngozi, sauti, hali ya nyama, viungo na umbo zima. Mwishoni kabisa (814b) sehemu hizo zinapangwa kwa uzito wake: za kwanza ni macho, paji, kichwa na uso, za pili ni kifua na mabega, za tatu ni miguu na nyayo, na za mwisho, zisizotegemewa sana, ni tumbo na yaliyo karibu nalo.

Shujaa na mwoga wanaelezwaje?

Shujaa ana nywele ngumu, mwili uliosimama wima, mifupa na mbavu imara, tumbo pana lililobapa, mabega mapana yaliyoachana, shingo yenye nguvu isiyojaa nyama sana, na jicho linalong'aa ambalo halikukodolewa wala halikufumbwa nusu. Mwoga ana nywele laini, mwili uliojikunja, uso uliopauka, macho dhaifu yanayopepesa, miguu midogo na mikono myembamba mirefu.

Orodha kama hiyo inaendelea kwa watu wa tabia zaidi ya ishirini, wakiwemo wasio na haya, wapole, wachokozi wa maneno, wacheza kamari, wenye huruma na wenye kumbukumbu nzuri. Mlafi anatambuliwa kwa kipimo: sehemu ya kutoka kitovuni hadi kifuani kwake ni ndefu kuliko ya kutoka hapo hadi shingoni. Mtu anaweza kujipima sasa hivi kwa kiganja, na nakiri kwamba nilipolisoma fungu hilo mara ya kwanza nilijipima, na matokeo nikayaweka moyoni.

Na pua?

Sehemu ya pili ina mengi juu ya pua (811a), na hapo mtindo wake unaonekana vizuri kuliko penginepo pote. Mwenye ncha nene ya pua ni mvivu, kama ng'ombe. Mwenye ncha kali ni mwepesi wa hasira, kama mbwa. Mwenye ncha ya mviringo iliyo butu ana moyo mkuu, kama simba. Pua iliyopinda inayoanzia moja kwa moja kwenye paji ni ya mtu asiye na haya, kama kunguru, lakini pua iliyopinda ikiwa imetengana na paji ni ya mwenye moyo mkuu, kama tai. Kati ya mtu wa heshima na mtu asiye na haya, basi, pamebaki kibonde kidogo kilicho katikati ya nyusi.

Kwa nini simba na chui wanatajwa kwa namna ya pekee?

Kwa sababu sehemu ya pili inamchukua simba kuwa mfano kamili wa dume, na chui kuwa mfano kamili wa jike. Simba anachorwa kwa mapenzi: kinywa kikubwa, uso wa pembe nne, paji linaloning'inia juu ya nyusi kama wingu, na nafsi iliyo karimu, yenye haki, upole na upendo kwa wenzake. Chui naye ana uso mdogo, macho madogo na shingo ndefu nyembamba, na nafsi yake ni duni, ya wizi na ya udanganyifu. Kisha mwandishi anahitimisha kwamba dume ni shujaa na mwenye haki zaidi na jike ni kinyume chake. Hukumu hiyo juu ya wanawake ilikuwapo kabla ya chui kuitwa kutoa ushahidi.

Msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuuona udhaifu wa jambo hili, kwa sababu wanyama wetu wamepewa tabia nyingine. Kwa Mgiriki, kunguru ni mfano wa kukosa haya. Kwetu, methali inasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Kwa Mgiriki, sungura yupo katika safu ya waoga pamoja na ayala na kondoo, na ulaini wa manyoya yake ni ushahidi. Katika ngano zetu sungura ndiye mjanja anayemshinda simba, na fisi ndiye mlafi na mjinga. Msomaji wa sura aliyelelewa kwa hadithi za sungura angemtazama mtu mwenye nywele laini na kusema kwa uhakika ule ule kwamba huyo ni mwerevu, tumwangalie mifukoni. Tabia zinazodaiwa kusomwa katika umbo la mnyama zilitoka katika hadithi za watu, zikapandwa juu ya mnyama, kisha zikavunwa kama elimu.

Andiko linasema nini juu ya watu weusi?

Linasema (812a) kwamba walio weusi mno ni waoga, na mfano wao ni Wamisri na Waethiopia. Kwamba walio weupe mno nao ni waoga, na mfano wao ni wanawake. Na kwamba rangi ya ushujaa ni ile ya katikati. Baadaye (812b) linasema wenye nywele za kujisokota mno ni waoga, likiwataja tena Waethiopia. Ikumbukwe kwamba kwa Wagiriki wa wakati huo jina "Waethiopia" liliwahusu watu weusi walioishi kusini ya Misri kwa jumla, si raia wa nchi ya Ethiopia ya leo pekee.

Hakuna sababu ya kulipaka fungu hilo asali. Lakini lina faida kwa anayetaka kujua jinsi chuki inavyojivika vazi la elimu. Katika sehemu ya kwanza (806b) watu wa kusini ni waoga kwa sababu nywele zao ni laini, na wa kaskazini ni mashujaa kwa sababu zao ni ngumu. Katika sehemu ya pili watu wa kusini bado ni waoga, lakini sasa ni kwa sababu ya weusi na kwa sababu nywele zao zimejisokota. Sababu imebadilika na hukumu imebaki pale pale. Tena "katikati" panaposifiwa ni pale Mgiriki mwanamume alipojiona amesimama. Mwandishi wa sehemu ya kwanza alikuwa na zana za kuivunja hoja ya namna hiyo, kwani ndiye aliyesema kwamba ishara inayopatikana kwa wengi haithibitishi tabia moja, lakini hakuzielekeza upande huo.

Je, kuna maelezo yoyote ya jinsi mwili unavyoleta tabia?

Machache. Lililo bora linahusu kimo (813b). Watu wafupi mno ni wepesi wa kukurupuka, kwa sababu damu yao ina safari fupi na misukumo hufika upesi mahali pa fahamu. Warefu mno ni wazito, kwa sababu safari ni ndefu. Kisha mambo yanachanganywa na ukavu na unyevu wa mwili: mfupi mwenye mwili mkavu na wa moto hatimizi jambo, kwa kuwa akili yake hairuhusiwi kutulia, ilhali mfupi mwenye mwili wa unyevu na baridi hufaulu, kwa kuwa kasoro moja imeizuia nyingine. Maelezo hayo si kweli, lakini ni maelezo, yenye chanzo na njia, tofauti na orodha za pua.

Kisa cha Zopyrus na Socrates ni kipi?

Hakimo katika andiko lenyewe, ila huulizwa mno kiasi kwamba hakiwezi kuachwa. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba Zopyrus, aliyejitapa kuwa anasoma tabia za watu kwa sura, alimtazama Socrates akasema ni mzito wa akili, kwa sababu shingo yake haikuwa na vibonde juu ya mifupa ya mabega, na akaongeza kwamba ni mpenda wanawake. Alcibiades, rafiki kijana wa Socrates, akaangua kicheko. Socrates akamtetea Zopyrus, akisema kwamba kasoro hizo kweli alizaliwa nazo, lakini aliziondoa kwa akili na mazoezi.

Jibu hilo lina pande mbili. Linamwokoa Zopyrus aibu, na wakati huo huo linaifanya fani yake isiweze kukosea kamwe: akipatia, amepatia, asipopatia, mhusika ameishinda asili yake. Katika Symposium ya Plato, Alcibiades huyo huyo anamfananisha Socrates na vinyago vya Silenus, mzee wa sura mbaya katika visasili vya Kigiriki, ambavyo kwa nje ni vibaya na vikifunguliwa vina sanamu za miungu ndani. Sisi tunao mkakasi, ambao uzuri wake uko nje na ndani ni kipande cha mti.

Je, elimu hii ndiyo firasa inayojulikana katika vitabu vya Kiarabu?

Kwa sehemu, ndiyo. Andiko hili lilitafsiriwa kwa Kiarabu na Hunayn ibn Ishaq, mfasiri mkubwa wa Baghdad wa karne ya 9. Kitabu kingine cha fani hiyo, cha Polemon wa Laodicea wa karne ya 2, kilipotea katika Kigiriki chake cha asili na kikabaki katika Kiarabu, ambako mwandishi wake anaitwa Aflimun. Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, aliandika kitabu kizima kuhusu firasa. Hata kisa cha Zopyrus kilisafiri: katika kitabu cha Sirr al-asrar, wanafunzi wa Hippocrates, tabibu wa Kigiriki, wanampelekea Aflimun picha ya mwalimu wao, naye anasema mwenye picha ni mtu wa matamanio, wanafunzi wanakasirika, lakini Hippocrates anakiri na kusema kwamba ameitawala nafsi yake. Hakuna aliyejali kwamba Aflimun alizaliwa karne kadhaa baada ya Hippocrates kufa.

Msomaji wa pwani aliyesoma vitabu vya dini, hata hivyo, huenda analijua neno firasa kutokana na hadithi iliyomo katika Tirmidhi, inayosema muogopwe muumini kwa firasa yake, kwani yeye hutazama kwa nuru ya Mwenyezi Mungu. Hiyo ni maana nyingine. Firasa hiyo ni utambuzi anaopewa mtu moyoni, wala haihitaji kanuni za pua na nyusi. Wanazuoni walizitenga maana hizo mbili, na ni vyema ziendelee kutengwa.

Andiko lilikuwa na athari gani huko Ulaya?

Kubwa na ya muda mrefu. Bartholomew wa Messina alilitafsiri kwa Kilatini katika karne ya 13, akiwa katika baraza la mfalme Manfred wa Sicily. Mwaka 1586 Giambattista della Porta alitoa kitabu chenye michoro inayoweka kichwa cha mtu kando ya kichwa cha mnyama, njia ile ile iliyopondwa mwanzoni mwa Physiognomonica. Kati ya 1775 na 1778 Johann Caspar Lavater, mchungaji wa Zürich, alitoa majuzuu manne yaliyosomwa kote Ulaya, na Georg Christoph Lichtenberg, profesa wa Göttingen aliyekuwa na kibiongo, akamjibu kwa ukali. Charles Darwin anaeleza kwamba nusura akose safari ya meli ya Beagle mwaka 1831 kwa sababu nahodha FitzRoy, mfuasi wa Lavater, alitilia shaka kwamba mwenye pua kama ya Darwin angekuwa na bidii ya kutosha. Mwaka 1876 Cesare Lombroso alidai kwamba mhalifu wa kuzaliwa hutambuliwa kwa fuvu na taya.

Kwetu, wasomaji wa Rwanda na Burundi hawahitaji kuelezwa kitu kuhusu Wazungu waliokuja kupima pua na vimo na kuwagawia watu tabia kwa vipimo hivyo, wala kuhusu vitambulisho vya kabila vilivyotolewa na utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930. Sitadai kwamba kurasa kumi za Kigiriki ndizo zilizozaa hayo. Hayo yalipitia katika nadharia za rangi za karne ya 19, zenye mizizi mingine mingi. Lakini ile njia ya pili, ya kumsoma mtu kwa taifa lake, ambayo mwandishi wetu aliipitisha bila kuihoji, ni ndugu wa nadharia hizo.

Sayansi ya leo inasemaje?

Inasema kwamba sote ni wasomaji wa sura, na kwamba tunasoma vibaya. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Princeton walionyesha kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosha kwa mtu kuamua kama uso asioujua ni wa kuaminika, na kwamba akipewa muda zaidi hubadili hukumu yake kidogo tu, ila huzidi kujiamini. Mwaka mmoja kabla, Todorov na wenzake walionyesha kwamba hukumu za haraka kuhusu nyuso za wagombea wa Seneti ya Marekani zilitabiri washindi katika takriban asilimia 70 ya mashindano. Jambo hilo halithibitishi kwamba nyuso husema kweli. Linaonyesha kwamba wapiga kura nao walikuwa wakitazama nyuso.

Nianzie wapi kulisoma?

Anza na 805a hadi 807a bila kuruka, kwa utaratibu, kwa sababu hapo kila sentensi inategemea iliyotangulia. Orodha za tabia zinazofuata zinaweza kusomwa kwa haraka. Kisha nenda 808b11, uone jinsi sehemu ya pili inavyoanza, na uisome ukiwa na uhakiki wa sehemu ya kwanza mkononi, ukijiuliza kwa kila mnyama anayetajwa kama ishara yake ingepita katika chujio lile la wanyama wote mashujaa. Kwa anayejua Kigiriki, chapa ya Richard Foerster ya mwaka 1893, yenye majuzuu mawili, ina faida ya kuliweka andiko hili pamoja na Polemon na warithi wake wengine, na matini yote ya Physiognomonica yanaweza kumalizwa mchana mmoja.